Sauti Tuliyodhani Imebaki Ziwani

Kama una mtoto asiyesema, na umechoka kuulizwa, kaa hapa kidogo tuchoke pamoja. Sina dawa ya kukupa. Mimi ni Mama Sifa, mkimbizi kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru. Nalima muhogo, na ziwa likiwa wazi nauza chisense, vile visamaki vidogo tunavyovianika mchangani hapa Nchelenge, Zambia. Sifa wangu sasa ni msichana mrefu, utosi wake unanifikia mdomoni, na hajawahi kuniambia wapi panamuuma. Miaka mibaya zaidi nadhani imepita. Au imepita, au nimezoea.

Nianze na mashua, maana kila mtu anayeuliza habari za Sifa huanzia hapo.

Tulivuka mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, kijiji chetu kilipochomwa. Mashuani tulikuwa mimi, mume wangu Baba Sifa, dada yake mkubwa Shangazi Jeanne, na Sifa aliyekuwa ametimiza miaka miwili na kidogo. Shangazi hakujaliwa mtoto. Tangu nilipomwachisha Sifa kunyonya, yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mimi nikienda shambani. Katikati ya maji mashua ikaanza kuvuja. Wanaume wakachota maji kwa mabeseni, watu wakapiga kelele, mama mmoja akaanza kuungama dhambi zake zote mbele ya mkwewe. Sifa hakulia. Aliinama kuangalia maji yaliyokuwa yakienda na kurudi chini ya miguu yetu.

Kule nyumbani alikuwa na maneno matatu: mama, tata, yaani baba, na maji. Tulipofika Kenani, kwenye mahema ya mapokezi, hakuwa na hata moja.

Lakini huko Kenani Sifa hakuwa peke yake. Watoto wengi walifika wamenyamaza, na kwa waliyoyaona, nani angewalaumu? Kina mama walizoea kuambiana, "Sauti imebakia ku maji. Itafwata." Na kweli, sauti za wengine zilifuata. Binti mmoja aliamka asubuhi akaomba uji. Mvulana mmoja alianza kwa kuwatukana wenzake kwenye foleni ya sabuni, na mama yake badala ya kumchapa akacheza ngoma. Sisi tulingoja zamu yetu. Mvua zikaisha tukihamia makazi mapya, tukalima, tukavuna, na bado tulikuwa tunangoja. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu, na ni kosa ambalo mtu asiyevuka ziwa kwa vita hawezi kulifanya. Mtu mwingine angemtazama mtoto. Sisi tulitazama maji.

Matibabu yalikwenda na majira. Msimu wa kwanza yalikuwa mafuta ya maombi na kufunga. Nilifunga mpaka kitenge kikawa kinanizunguka mara mbili. Msimu wa muhogo uliofuata, bibi mmoja alisema ulimi umefungwa kwa chini, akaukata kwa wembe. Damu ilitoka nyingi kuliko alivyoahidi. Kwa muda mrefu baada ya hapo Sifa hakufungua mdomo akiona kijiko, na nilikuwa namlisha kwa vidole, tonge moja la bukari, ugali wetu, kwa wakati, huku naimba.

Kisha ikaja dawa ya mume wangu. Kila mwaka, ziwa likifungwa kwa uvuvi mwezi wa kumi na mbili na kufunguliwa mwezi wa tatu, alimpeleka Sifa ufukweni siku ya kufungua. Alimnawisha uso kwa maji ya ziwa, kisha akasimama majini hadi magotini na kuita kuelekea Kongo kwamba aje, "Sifa, kuya! Sifa, kuya!" Wakimbizi wenzetu waliokuwa pale walimsaidia kuita. Ilikuwa ni huruma yao, siwalaumu. Sifa aliyapenda maji, lakini makelele yalimuumiza. Aliziba masikio, na wasipoacha aliuma kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ulikuwa mkono wangu wa kushoto. Alama ninazo, zimekaa kama za chanjo.

Lililonichosha kuliko yote lakini lilikuwa salamu. Kwetu mtoto asiyesalimia ni aibu ya mama yake, na huku kwa Wabemba ndiyo zaidi, kwani mtoto anapaswa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu mbele ya mkubwa. Sifa hasalimii. Ukimpigia makofi anakimbia. Wapole walisema hana adabu. Wengine walishusha sauti, wakatumia neno lile tulilotoka nalo Kongo, la watoto wanaokula watu usiku, na nikiingia mahali wakaanza kuzungumzia bei ya mafuta. Kanisani tulisogezwa benchi la nyuma, kisha karibu na mlango, kisha nikajikuta nasikiliza mahubiri nikiwa nje, nimeegemea ukuta kama mwizi wa kuku.

Mume wangu alinyamaza pia. Alikula nje. Nywele zangu zilianza kukatika kwa mbele, na mgongo ukakataa kunyooka asubuhi, maana Sifa akiogopa njiani hatembei, na kumbeba msichana wa umri ule si kumbeba mtoto. Watu walidhani nina mimba au nina ugonjwa wa mapafu. Nilikuwa nimechoka tu, lakini uchovu haukupi hata jina la kuwajibu watu.

Mwisho nesi wa kliniki ya makazi alituandikia twende hospitali. Ya hospitali nakumbuka mabenchi. Nakumbuka feni iliyokuwa ikilia, na Sifa aliyekuwa akiitazama na kutikisa vidole pembeni ya macho yake. Watu wa kila upande walimgusa kwa mabega, na niliona mwili wake unaanza kukakamaa. Nikajua kinachokuja. Ndipo mama mmoja mnene aliyeketi mwisho wa benchi, kwenye kona, akasimama na miguu yake iliyovimba. Alikuwa Mzambia, mfanyabiashara wa samaki, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Keti huku, mama," akasema. "Mutoto ashike ukuta. Upande moja ukuta, upande moja mama."

Sifa akashika ukuta, akatulia. Yule mama alisimama muda wote uliobaki. Jina lake Bana Chola, na siku hizi nikisikia mtu anauliza maana ya kujumuisha watoto kama wetu, mimi nafikiria tu ile miguu iliyovimba.

Ndani, masikio yalipimwa na yakaonekana mazima. Daktari akaniuliza Sifa alikuwaje kabla ya kuvuka. Nikamjibu, alikuwa anasema. Akauliza kama alikuwa akinyoosha kidole kuonyesha vitu, kama alikuwa akigeuka akiitwa. Nikakasirika. Nani anakumbuka kidole cha mtoto baada ya vita? Akaniambia kwa upole kwamba Sifa ana otizimu, kwamba huenda alizaliwa nayo, kwamba siyo homa ya kutibiwa ikaisha. Alisema nijifunze anavyosikia na anavyoona, nisimlazimishe kuwa mwingine. Watu wa pwani wana neno lao, wanaita usonji. Mimi nililipokea lile neno kama mtu anayepewa mzigo wa mwenzake. Nilijiambia, daktari huyu ni mzuri, ila hakuwa kwenye mashua.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani na jina, na tukaendelea kungoja.

Kitu kimoja kilibadilika. Bana Chola alinichukua kufanya kazi naye ufukweni. Alikuwa na mashua kuukuu iliyopinduliwa, mbao zimeoza, na kivuli chake kikawa cha Sifa. Mwanamke akitaka kuweka beseni lake pale, Bana Chola alimkataza bila kuinua kichwa, "Iyo mukwai, pale ni pa Sifa." Na akabuni salamu. Hakupiga makofi. Alipofika asubuhi alichuchumaa mbali kidogo, akaweka kiganja mchangani, akakibonyeza, akaondoka zake. Kiangazi kizima alifanya hivyo peke yake, na wenzake wakimcheka kwamba anasalimia kaa. Siku moja kabla ya mvua, Sifa aliweka kiganja chake juu ya alama ya kile cha Bana Chola. Wanawake wote waliacha kugeuza samaki. Nililia, na Bana Chola akaniambia chisense tayari ina chumvi ya kutosha.

Ningeweza kuishia hapo ikawa hadithi nzuri. Lakini wakati huo Shangazi Jeanne alikuwa amesharudi Kongo, pamoja na wengine waliosikia kwamba kwetu kumetulia. Akatutumia ujumbe wa sauti kwa simu ya jirani. Kuna mama wa maombi kule, alisema, anayeita sauti zilizobaki majini. Imefanyika kwa watoto wawili. "Muniletee Sifa. Atabakia na mimi mpaka sauti itarudia. Hata kama ni miaka."

Mume wangu aliusikiliza ule ujumbe mara nyingi, halafu akasema, "Ni dada yangu. Anamupenda. Sisi tumeshindwa."

"Na mimi?"

"Wewe umechoka, Mama Sifa. Jiangalie."

Nilijiangalia. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo iliyoniuma. Wapo wanaodhani mama aliyechoka anataka kupumzishwa mtoto wake. Nilitaka kupumzika, ndiyo, lakini nikiwa naye. Nilijua kwamba Sifa akivuka ziwa lile, nitakuwa nimempoteza. Hajui kuuliza njia. Hajui kusema jina langu. Angekaa ng'ambo akiitwa kila siku na watu wanaotazama maji badala ya uso wake, na mimi ningebaki huku nikisubiri habari kwa simu ya jirani. Tuligombana mpaka maneno yakaisha, tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mwisho tukakubaliana jambo moja: Shangazi aje mwenyewe amchukue, na mimi nikitumaini kwamba hataweza.

Alikuja ziwa lilipofunguliwa, mwezi wa tatu. Nilikuwa ufukweni, samaki wa kwanza wamemwagwa, mchanga mzima unang'aa. Nilimwona akishuka na furushi kichwani, amezeeka. Tulishikana. Kisha akamwona Sifa kivulini na akasahau kila kitu, akaenda mbio, akapiga makofi, "Sifa wangu! Mutoto ya mugongo wangu!" Sifa akajikunja, akageukia mbao. Shangazi akaketi mchangani na kulia waziwazi.

Nilimwacha alie. Sifa, alipoona makofi yamekwisha, akachukua kifuniko cha sufuria ya Bana Chola, akakisimamisha kwa ukingo juu ya ubao, akakizungusha. Ndiyo raha yake. Kinazunguka, kinayumba, kinalala kidogo kidogo na kutoa ile sauti inayokimbia mwishoni.

Shangazi hakuacha hata kulia. Mkono wake ulitoka wenyewe, ukakinyakua kifuniko na kukisukuma chini ya kitenge chake, chini ya paja, akakikalia. Sifa akapiga yowe.

"Shangazi," nikasema, "juu ya nini umeficha?"

"Iko na makelele."

"Apana. Umeficha sawa na mutu mwenye kuzoea."

Alitazama mikono yake, kama imemtaja mahakamani. Bana Chola, ambaye haelewi maneno yetu yote lakini anaelewa watu, alijifanya anaenda kugeuza samaki wa mbali.

"Kule kwetu," Shangazi akasema mwisho, "alikuwa anazungushaka. Kifuniko ya sufuria. Toka asubui mpaka mangaribi. Nilikuwa naficha mu nyumba ya kuku. Nilipikaka majani ya sombe bila kifuniko, moshi inaingia, kaka yangu anasema, dada, hii sombe iko na arufu ya nyumba yenye kuungua."

"Ilikuwa mbele ya kuvuka na mashua?"

"Mbele."

"Na maneno? Ile tatu?"

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ilipotea wakati ya kulima. Wewe ulikuwa unatoka ku shamba giza imeingia, mutoto amelala. Siku moja nikamuambia, sema maji. Akaangalia kifuniko tu. Nikasema, bon, kesho. Kesho yake tena bule. Kisha vita ikafika."

"Juu ya nini haukuniambiaka, Shangazi?"

"Mama Sifa. Mi sina mutoto. Mutoto ya kaka yangu ananyamazia mu mikono yangu. Batu bangesema nini?"

Sikuhitaji kuambiwa. Kwetu mtoto akibadilika, watu hutafuta mkono wa mwisho uliomshika, na ukiwa mkono wa mwanamke asiyezaa, hawatafuti tena. Wangesema ameila ile sauti. Wangemfukuza, na pengine mimi ningekuwa wa kwanza kubeba jiwe.

"Ile mashua iliniokoaka mara mbili," akasema.

Nilikasirika, sitaficha. Nilifikiria wembe chini ya ulimi. Nilifikiria miaka ya kupiga kelele juu ya maji, na mkono wangu. Nilitaka kuchota mchanga na kummwagia kichwani. Lakini hasira inataka nguvu, na mimi nguvu nilikuwa nimezimaliza siku nyingi. Nikabaki kumtazama, na kwa kumtazama nikaelewa kwamba hakuwa amekuja kutudanganya. Alikuwa ameamini kwamba ni yeye aliyemharibu mtoto, na amevuka ziwa kwa hofu aje kutengeneza alichoharibu.

"Unaona ni wewe?" nikamuuliza.

"Mikono yangu njo ilikuwa ya mwisho."

"Daktari alisema alizaliwa vile. Haikutoka ku mikono yako. Haikutoka ku mashua. Wewe mwenyewe umesema: mbele."

Nilisema hivyo kumtuliza yeye, na ndipo nilipojisikia nikisema. Maneno ya daktari niliyoyabeba kama mzigo wa mtu mwingine yalitua mahali pake. Sifa hakuwa amepoteza kitu ziwani. Yule niliyekuwa namngoja hakuwa nyuma yetu majini. Alikuwa huyu hapa, anapiga yowe kwa sababu mtu mzima amekalia kifuniko chake.

"Mupe kintu yake," nikamwambia Shangazi.

Alikitoa, akakipangusa, akakiweka mchangani. Sifa hakukichukua mara moja. Alingoja mpaka Shangazi aliposogea, akakivuta, akakikagua pande zote kama mteja mgumu, kisha akakizungusha. Shangazi alikaa kukisikiliza mpaka kilipolala.

Jioni ile alimwambia kaka yake mwenyewe, mimi nikimenya muhogo. Hakuacha kitu. Mume wangu alisikiliza huku ameshika mpini wa jembe aliokuwa anauchonga.

"Donc mi nilikuwa naita nani?" akauliza. "Miaka yote ile, ku maji, nilikuwa naita nani?"

"Ulikuwa unaita Sifa," nikamwambia. "Alikuwa pembeni yako."

Akaweka mpini chini na kulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akala ndani pamoja nasi.

Shangazi alirudi Kongo peke yake. Siku ya kuondoka hakupiga makofi. Alichuchumaa alivyomwona Bana Chola akifanya, akabonyeza kiganja mchangani. Sifa hakumtazama. Nilimwambia, hata kwa Bana Chola ilichukua kiangazi kizima, usiwe na haraka. Mashuani mama mmoja wa kwetu, mmoja wa wale wa Kenani, akamuuliza kama kawaida, "Sauti ya mutoto ilirudiaka?" Shangazi akamjibu kwa sauti ya kusikika ufukwe mzima, "Haikuendaka."

Sitakudanganya kwamba sasa kila kitu kiko sawa. Kanisani bado tunakaa karibu na mlango, ingawa ni upande wa ndani. Shule haijampokea. Mwaka huu mwili wake umekuwa wa mwanamke, na kumfundisha usafi wa mwezi bila maneno kumetuchosha sote wawili tukabaki tumelala mchana kama wagonjwa. Usiniulize nani atamwangalia nikifa, swali hilo nalijua, huwa linaamka kabla yangu. Mgongo bado unauma. Ila silitazami tena ziwa ninapomtafuta mtoto wangu, na hiyo peke yake imenipunguzia nusu ya uchovu. Kama nawe unatazama maji, au vita, au jicho la jirani, au mikono ya mtu fulani, geuka. Mwone aliyepo. Halafu mtafute anayeweza kukupisha kwenye kona ya benchi, na ukimpata usimwache.

Juzi mashua kutoka Kilwa, ile ya Kongo, ilileta kifurushi chetu kutoka kwa Shangazi. Mwenye mashua alikifungua mbele yangu, kwa vile kilikuwa kinagongagonga njia nzima na alitaka kujua amebeba nini. Kilikuwa kifuniko cha sufuria, kipya, kizito, cha aina inayozunguka kwa muda mrefu.

"Na sufuria iko wapi?" akaniuliza. "Nimebebea Tantine Jeanne kifuniko tu, bila sufuria?"

"Amesema nini?"

"Amesema sufuria anabakia nayo. Atapika tu bila kifuniko, anazoea."